Unajua muziki na unataka kuwafundisha vijana wa mtaa wako? Namna ya kuanzisha darasa na likadumu

Hii nawaandikia wale ambao tayari wana kitu. Unapiga gita kanisani, au ulikuwa kwenye brasi bendi ya shule, au unachana, unacheza, umekulia kwenye kaswida na dufu unalijua vizuri, au una sauti tu na mtaa mzima unajua kwamba unayo. Alafu kila jioni ukipita unawaona vijana wamekaa kijiweni, wana vipaji kweli kweli, wanagonga biti kwenye dumu tupu la maji mpaka unasimama kusikiliza, ila hakuna mtu wa kuwaambia njooni kesho saa kumi. Wewe unaweza kuwa huyo mtu. Huhitaji kuwa staa, huhitaji mfadhili wa kuanzia, wala huhitaji kusubiri ununue kinanda.

Nimekuwa karibu na madarasa ya namna hii miaka mingi sasa, na ninachokiona ni kwamba mengi hayafi kwa kukosa vyombo. Yanakufa kwasababu mwalimu alikuwa mmoja, akapata kazi mkoa mwingine au akaugua au akachoka, basi, watoto wakakuta mlango umefungwa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu hawakuja tena. Yanayodumu ni yale ambayo toka miezi ya mwanzo mwalimu alikuwa anawaandaa watoto wafundishane wenyewe. Kwahiyo kila ninachoshauri hapa chini kinaelekea huko, hata pale nitakapoongelea ndoo na daftari la vyombo.

Katafute kwanza nani anafundisha tayari

Hakuna mtaa usio na mwalimu. Kuna mzee aliyepiga tarumbeta kwenye bendi za dansi enzi zake, kuna mama anayefundisha kwaya sauti zote nne bila kushika karatasi, kuna ustadhi ambaye vijana wake wa madrasa wanapiga dufu kwa mpangilio kuliko bendi nyingi za ukumbini, kuna akina mama wa ngoma za harusi. Nenda kwao kabla hujamwita mtoto hata mmoja. Piga hodi, toa shikamoo yako, kaa, na usianze na maneno ya "nina mradi". Waulize wao walijifunzaje, walifundishwa na nani, walikuwa na umri gani. Wataongea, tena wataongea sana, na humo ndani utapata mambo ambayo hakuna video ya YouTube itakupa. Mwisho ndo uombe: baba, au bibi, nataka kukusanya vijana wetu, naomba baraka zako na naomba uje hata mara moja kwa mwezi uwaone.

Hili la kuomba wengine wanaliona dogo. Mzee ambaye hakuambiwa kitu, akisikia ngoma zinalia nyuma ya nyumba yake ndo wa kwanza kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kulalamika, na huyohuyo akiwa ameombwa ndo anakuwa wa kwanza kuwatetea. Na kuna sababu kubwa zaidi ya hiyo. Muziki wetu umefika hapa kwa watu kukaa karibu na watu. Bi Kidude wa Zanzibar alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, akaimba taarab, akapiga ngoma za unyago na kuwafunda wasichana, mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, na bado aliendelea kupanda jukwaani karibu mpaka alipofariki 2013. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa zeze na ilimba (ile inayopigwa kwa vidole gumba), alikuwa mwalimu kule Bagamoyo na nyumbani kwake aliwafundisha ndugu na watoto wake mpaka ukoo mzima ukawa wa wanamuziki. Alifariki 2003, lakini leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanazunguka dunia kama The Zawose Queens, wanaongoza wenyewe mbele ya jukwaa. Hiyo ni miaka zaidi ya 20 baada ya mwalimu kuondoka. Ukitaka kujua darasa lililofanikiwa linafananaje, ni hilo.

Mahali, muda na ruhusa

Mahali pazuri ni pale ambapo mtoto anafika kwa miguu na mzazi anaweza kuchungulia muda wowote. Darasa la shule ya msingi baada ya vipindi, uwanja wa parokia, uani kwa mtu mnayemwamini, ukumbi wa ofisi ya kata kama haupo bize. Nenda serikali ya mtaa ujitambulishe, uache barua fupi yenye jina lako, namba yako, siku na saa za darasa, na uombe nakala yenye muhuri, maana siku polisi jamii au jirani akiuliza unayo mkononi.

Muda, chagua siku mbili tu kwa wiki na usizibadilishe. Jumanne na Alhamisi saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu, mfano. Iwe baada ya shule na iishe kabla ya magharibi ili mtoto awe nyumbani giza halijaingia. Ukianza na siku tano utachoka wewe kabla yao. Na ukisema saa kumi, uwepo saa kumi kasorobo, hata mvua inanyesha, hata wakija watoto wawili. Watoto wengi wa mitaa yetu wamezoea watu wazima wanaoahidi na kupotea, wanakupima bila kusema. Mwezi wa kwanza wote kazi yako kubwa ni kuonekana.

Kuhusu wasichana niseme kitu hapa maana madarasa mengi ukiyaangalia ni ya wavulana watupu na walimu wanasema eti wasichana hawapendi. Wanapenda sana. Ila saa kumi jioni msichana anachota maji, anamwangalia mdogo wake, anasaidia jiko, na hajaulizwa. Kwahiyo nenda nyumbani uongee na mama yake, uliza saa ngapi anaweza kumwachia, mruhusu aje na mdogo wake mgongoni ikibidi, na hakikisha kuna mwalimu mwanamke au dada mkubwa pale. Alafu usimpangie kuimba kiitikio tu. Kule Rwanda ngoma zilikuwa za wanaume, lakini mwaka 2004 Odile Gakire Katese akaanzisha Ingoma Nshya, kundi la wanawake wapiga ngoma, wakiwemo waliofiwa na waume kwenye mauaji ya kimbari na wake za waliohusika, wakawa wanapiga pamoja. Na hapa kwetu Ugogoni ngoma za muheme wanapiga wanawake toka zamani. Kwahiyo ukimpa binti fimbo za ngoma huvunji mila ya mtu.

Vyombo

Wengi hapa ndo wanakwama. Wanaandika barua ya kuomba kinanda, gita 5, spika na mikisa, wanasubiri mwaka mzima, na wale vijana wa kijiweni wameshakua.

Anza na vilivyopo. Mwili wa mtoto una makofi, miguu, kifua, sauti. Ndoo za rangi za lita 20 zilizoisha ni ngoma nzuri sana, ukiigeuza na kupiga katikati inatoa sauti nzito na ukingoni inatoa kali, na mafundi rangi wanakupa bure ukiwaomba. Visoda ukivitoboa na kuvifunga kwenye waya ni kayamba ya haraka. Vifuu vya nazi ukitia mbegu ndani na kuziba unapata cherewa.

Na kama unadhani hivyo ni vya kuchezea tu basi kawaangalie watu wa kidumbak Zanzibar. Kidumbak ni ndugu wa taarab, muziki wa harusi za watu wa kawaida ambao hawakuwa na pesa ya kuita okestra kubwa, na vyombo vyake ni fidla, ngoma mbili ndogo, vijiti vya mkwasa, cherewa, na sanduku, yaani besi ya kamba moja iliyotengenezwa kwa boksi la mbao na fimbo. Chombo cha kununua hapo ni fidla peke yake. Vingine vyote fundi seremala wa mtaani na vijana wako mnaweza kuvitengeneza kwa wiki moja, na watu wanacheza harusi mpaka asubuhi. Tengenezeni sanduku lenu, nakuhakikishia kijana aliyetengeneza chombo kwa mikono yake hakitupi.

Kinshasa mwaka 1994 Armand Diangienda alianzisha okestra ya simfoni, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika fidla. Vyombo vilikuwa vichache wakawa wanapokezana, nyuzi zikikatika wanatumia waya wa breki za baiskeli, na karatasi za muziki wananakili kwa mkono. Leo wanajulikana duniani. Sikwambii uige shida, nakwambia kule kupokezana kulikuwa na faida yake, maana anayesubiri zamu anasikiliza kwa makini mikono ya mwenzake, na hapohapo ameanza kujifunza kufundisha.

Vyombo vya kweli vikija (na vitakuja, watu wakiona kazi wanatoa wenyewe) weka daftari. Chombo gani, kiko kwa nani, kimetoka lini, kinarudi lini, sahihi ya mtoto na ya mzazi. Waruhusu waende nacho nyumbani. Gita lililofungiwa kabatini linaharibika kama kawaida na halimfundishi mtu, na likivunjika mkononi kwa mtoto anayejifunza, fundi yupo.

Siku ya kwanza na zinazofuata

Jiandae kwamba watakuja wachache. José Antonio Abreu alipoanza kule Caracas, Venezuela, mwaka 1975, alikuwa amepewa msaada wa stendi 50 za kuwekea karatasi za muziki akitegemea vijana 100, wakatokea 11. Ndani ya gereji. Akaamua kuendelea na haohao, na ndo ukazaliwa mpango wa El Sistema ambao umefundisha mamia ya maelfu ya watoto, akiwemo Gustavo Dudamel, kondakta wa okestra. Ukipata 6 siku ya kwanza anza na hao 6, usiwatume wakaite wengine kabla hamjapiga hata biti moja.

Sasa ile saa moja na nusu uipangeje? Mimi naona hivi. Anzeni mmesimama duara, hakuna wa mbele wala wa nyuma, kila mtu anataja jina lake kwenye mdundo na wote wanalirudia. Dakika kumi zinatosha, na baada ya wiki mbili unajua majina yote, na kumjua mtoto kwa jina kuna nguvu kuliko unavyofikiria, wapo ambao siku nzima wanaitwa "we dogo" tu. Alafu chukueni wimbo ambao wanaujua tayari, wa michezo ya utotoni au wa ngoma ya kwao, muimbe wote, mgawane: hawa wanaanzisha, hawa wanaitikia, hawa wanapiga makofi kati kati. Usianze na do re mi. Do re mi itakuja siku watakapouliza kwanini sauti zao hazikutani, hapo watakuwa wanaihitaji na wataishika haraka. Baada ya hapo wagawe makundi madogo ya watatu au wanne, kila kundi lifanyie kazi kipande kimoja karibu nusu saa, wewe unapita. Mrudi wote pamoja muunganishe. Mwisho kabisa watoto wawili waonyeshe walichokishika leo ambacho jana hawakuwa nacho, wapigiwe makofi, mnafagia, mnaondoka.

Kwenye kusahihisha, sahihisha mdundo, usimsahihishe mtu. "Rudia hapo kwenye pigo la tatu, umewahi kidogo" inamsaidia. "We huna masikio" anaibeba miaka 20. Wapo watu wazima wengi sana wanaosema mimi siwezi kuimba, na ukiwauliza vizuri kuna mwalimu mmoja aliwaambia hivyo darasa la tatu.

Na kama vijana wako wanataka hip hop au singeli, wape. Usiwalazimishe taarab kwasababu wewe unaipenda. Waandike mistari yao, muwasikilize, muulizane kama inasema kweli. Dandora kule Nairobi wamelea kizazi na kizazi cha marapa, na Juliani aliyetokea hapohapo alirudi akaanzisha Dandora Hip Hop City ili wadogo zake wapate mahali. Kijana akishaona kwamba anachokipenda kinaheshimiwa, atakuja mwenyewe kuuliza lile zeze la mzee linapigwaje.

Anayejua leo amfundishe wa kesho

Hapa naomba usome taratibu.

Kampala, Abramz Tekya alianzisha Breakdance Project Uganda mwaka 2006. Madarasa ya bure, na utaratibu wake ni kwamba hujifunzi halafu ukaondoka, ukishika hatua moja unamfundisha mwenzako. Hakuna anayelipa ada, malipo yako ni kufundisha. Korogocho, Nairobi, jirani na dampo la Dandora, Elizabeth Njoroge na wenzake walianza Ghetto Classics, darasa la muziki wa klasiki, mwaka 2008 pale parokia ya St. John, na vijana waliojifunza pale wakiwa wadogo sasa ndo wanawafundisha wadogo zao. Nchi tofauti, muziki tofauti kabisa, njia ileile.

Wewe kwenye darasa lako unaifanyaje? Mwezi wa kwanza angalia tu. Utawaona watatu au wanne ambao mwenzao akikwama wanamsogelea bila kutumwa. Usichague wanaopiga vizuri kuliko wote, hilo ni kosa la kawaida sana, mpigaji hodari mara nyingi hana subira na mtu anayeanza. Chagua wenye subira. Mwezi wa pili wape kila mmoja kundi lake dogo kwa zile nusu saa, na kabla ya darasa kaa nao dakika 15 muelewane leo wanafundisha nini, kipande kimoja tu, na wataanzaje kama wadogo hawajaelewa. Baada ya darasa kaa nao tena uwaulize nani alikwama na kwanini. Hizo dakika 15 za kabla na baada ndo chuo chenyewe cha ualimu, usiziache hata siku umechoka.

Mwezi wa tatu au wa nne, siku moja wewe kaa nyuma kabisa. Waache waendeshe darasa lote. Litayumba, mdundo utavurugika, kutakuwa na kelele, na vidole vitakuwasha kuingilia. Usiingilie kama hakuna anayeumia. Ongea nao baadae mkiwa wenyewe, usiwasahihishe mbele ya wadogo, kwasababu ukimshusha kaka mkubwa mbele ya watoto hawatamsikiliza tena wiki ijayo.

Na hawa wakubwa wape heshima inayoonekana. Waitwe walimu, majina yao yasomwe kwenye shoo, na pesa ikipatikana hata ya nauli wawe wa kwanza kupata. Kijana wa miaka 16 ambaye shuleni anaambiwa hajui kitu, hapa kuna watoto wanane wanamsubiri afungue darasa. Nimeona vijana wakibadilika kwa hilo peke yake, wanaanza kuoga mapema, wanaacha kampani fulani, wanaulizia kurudi shule, na hakuna aliyewahubiria.

Ulinzi wa watoto, hili halina mjadala

Watu wazima wawili kila darasa, daima. Hakuna kufundisha mtoto mmoja peke yake kwenye chumba kilichofungwa, hata kama ni wewe na kila mtu anakujua. Mawasiliano yapitie kwa wazazi, fungua grupu la WhatsApp la wazazi, usimtumie binti wa miaka 14 meseji za usiku eti kumkumbusha mazoezi. Hakuna shoo za usiku baa kwa walio chini ya miaka 18. Yeyote anayekuja kujitolea, mgeni au mwenyeji, mwenye jina au asiye na jina, anafuata sheria hizohizo na akikataa anaaga siku hiyohiyo.

Siku mtoto akikwambia jambo baya linalomtokea nyumbani au njiani, msikilize, usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, na usianze kufanya upelelezi wako. Namba 116 ni ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania, Kenya pia ni hiyohiyo na Uganda hivyohivyo, na kituo kikubwa cha polisi huwa kina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwenye kata au halmashauri yupo afisa ustawi wa jamii. Ziandike ukutani pale wanapoziona.

Picha nazo. Tafadhali sana, usiwapige picha watoto ukapost na maneno ya "watoto wa mazingira magumu tunawasaidia". Wanazisoma hizo post, na wenzao shuleni wanazisoma. Omba ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na ukipost andika wamepiga nini na wamepiga vizuri kiasi gani.

Ukimwita msanii mwenye jina

Siku ya staa kuja ni furaha kubwa na watoto wataikumbuka, ila mara nyingi inaishia kwenye hotuba ya "jitumeni, msikate tamaa", selfii, gari linaondoka. Ongea nae kabla. Mwambie aje mapema akae kwenye duara na wengine, ajifunze wimbo mmoja wa watoto wenyewe, wamfundishe wao. Alafu aulizwe maswali ya kweli: kabla ya wimbo wa kwanza kusikika ulihangaika miaka mingapi, ulikuwa unakula nini, mkataba wako wa kwanza ulikuwaje, nani alikusimamia, ulilipwa shilingi ngapi ulipoanza. Hayo wanayahitaji maana kila kijana ana ndoto ya studio na hakuna anayejua karatasi anayosainishwa ina nini ndani.

Dar es Salaam, THT (Tanzania House of Talent), nyumba ya vipaji aliyoianzisha Ruge Mutahaba, ilipokea vijana wasio na kitu ikawafundisha kuimba, kucheza na kukaa jukwaani, na humo wakatoka akina Barnaba, Mwasiti na Linah. Ruge alifariki Februari 2019 na ukisikiliza wale vijana walivyomuongelea, wengi walitaja zaidi kwamba alikuwa anakaa nao na kuwasikiliza, umaarufu waliutaja kidogo tu. Kwahiyo kati ya staa anayekuja mara moja na mpiga besi wa bendi ya harusi ambaye yuko tayari kuja kila Alhamisi, mchukue wa Alhamisi.

Pesa

Mnaweza kwenda miezi sita bila pesa kabisa, na nashauri mfanye hivyo, mjue kwanza mnahitaji nini. Vitu vitakavyodai pesa mapema ni nyuzi, ngozi za ngoma, nauli za walimu, na chakula. Chakula usikidharau, kuna watoto wanakuja hawajala toka asubuhi na wewe unashangaa hawashiki mdundo. Sufuria ya uji, wazazi wakipokezana kuleta unga na sukari, inabadilisha darasa.

Kila shilingi iandikwe, isomwe mbele ya wazazi na vijana mwisho wa mwezi, na watunza pesa wawe wawili. Vikundi vingi vimevunjika kwa tetesi tu.

Kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni mkopo, unarudishwa. Chukueni kama wakubwa mnataka kununua mashine za muziki za kukodisha kwenye sherehe, msichukue kwa ajili ya kuendesha darasa la watoto, darasa haliingizi pesa za kurudisha. Na mkianza kupokea shoo za kulipwa, jisajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, muulizeni afisa utamaduni wa wilaya atawaelekeza, na Zanzibar baraza lao ni BASSFU.

Mfadhili akija mkaribisheni, ila msijenge kila kitu juu yake. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilianzishwa Zanzibar 2002 na kimewafundisha vijana wengi sana taarab na ngoma, na bado mwaka 2019 kilitangaza kwamba pesa za wafadhili zimepungua na kiko hatarini kufungwa. Chuo kile chenye jina vile. Ghetto Classics walipata njia nyingine, mapato ya tamasha la jazi la Safaricom yalikuwa yanaelekezwa kwao. Kwa kiwango chako hiyo inaweza kuwa mwenye ukumbi wa harusi anayetoa kidogo kila mwezi, na vijana wanampigia sherehe yake moja kwa mwaka.

Shoo ya kwanza iwe mtaani

Msikimbilie hotelini wala kwenye televisheni. Fanyeni palepale mnapofanyia mazoezi, Jumapili jioni, wazazi wakae mbele, mzee yule uliyemuomba baraka afungue. Nyimbo nne zinatosha. Wadogo waanze, walimu wadogo watambulishwe kwa majina. Baba ambaye alikuwa anasema huo muziki ni uhuni akimwona binti yake anaongoza watu 20 kwa mkono mmoja, wiki inayofuata anakuja mwenyewe kuuliza mnahitaji nini.

Wakishakua, na wewe ukiondoka

Wakifika miaka 18 usiwaache hewani. Sio wote watakuwa wasanii na wala hawahitaji kuwa. Wapo watakaokuwa mafundi sauti, wapiga vyombo wa kwaya na harusi, mafundi wa kutengeneza ngoma, walimu wa shule. Anayetaka kusoma sanaa mpeleke aione TaSUBa Bagamoyo, kile chuo kilichoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, kinatoa cheti na diploma, na mpeleke wakati wa tamasha lao la kila mwaka akaone kwa macho. Msaidieni kujaza fomu, ada mchangishane mapema.

Na wewe mwenyewe, pangeni toka sasa nani atashika. Mwaka wa pili wawepo vijana wawili wenye ufunguo, wanaojua daftari la vyombo lilipo, ambao wazazi wanawapigia simu wao badala yako. Peleka majina yao serikali ya mtaa ukiwa bado upo, uwatambulishe mwenyewe kwa mwenyekiti na kwa mkuu wa shule. Ukipata safari ya miezi mitatu usifunge darasa, nenda, na usipige simu kila siku kuuliza. Siku ya kuachia kabisa ikifika, laini ya simu ya kikundi na akaunti ya pesa zibadilishwe majina wiki hiyohiyo, alafu ukitaka kuja Alhamisi njoo, muulize mwalimu wa zamu akupangie kundi la kufundisha.